TULIKUPIGIA MAKOFI, BABA CLARA

Mwaka umekatika tangu Jumamosi ile ya Agosti 12, 2006, ulipotutoka ghafla jukwaani hapa Babati. Mpaka leo hatuamini, Baba Clara.

Etienne Marchal, uliigiza jukwaani kwenu Ufaransa miaka ishirini na miwili, kisha ukawa mwongozaji wa michezo. Babati ulikuja kwa wiki mbili tu kumwona rafiki. Ukamwona Conjesta, mwalimu wa Singe, na safari ya kurudi ikafia hapo hapo. Ukaanzisha kikundi cha maigizo, na nusu ya waigizaji wako walikuwa wakulima wa Sigino.

Ulikuwa mpole. Ulimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa chekechea, nao wakakuitikia marahaba bila haya! Lakini kwenye mazoezi, mh! Jirani yenu Mama Sabaha ulimkalisha kiti cha nyuma kabisa. Asiposikia neno alipunga kanga, na wote mkarudia upya. Sheria yako ilikuwa moja: "Mtu akisahau, akilia, akianguka, mchezo hausimami."

Siku ile ulikuwa mzee anayewanyima wanawe shamba. Mzee alitakiwa kufa mwishoni. Wewe ukaanguka katikati. Gidamis, aliyeigiza mwanao, akakuinamia na kunong'ona, "Mwalimu, bado." Hukuinuka. Akadhani umebadilisha mchezo kama kawaida yako, akakufunika shuka, akaanza kukulilia.

Jamani, ukumbi mzima ulisimama. Mkeo, Mama Clara, alipiga makofi kuliko wote, akamwambia dada yake Martina, "Mwone shemeji yako, hata hapumui!"

Pazia liliposhuka ndipo tukasikia Gidamis anapiga kelele. Zilishapita dakika kumi.

Daktari alisema moyo ulisimama papo hapo, hata tungekukimbilia isingesaidia. Mama Clara anaitikia, "Nimeelewa, daktari," kisha anatugeukia sisi: "Na kama ningemtazama vizuri?" Tangu siku ile hapigi makofi, hata kanisani.

Unakumbukwa na mkeo Conjesta, mwanao Clara, dada yako Hélène aliyeko Ufaransa, wakwe zako Mzee Damiani na Mama Severine, shemeji zako Martina na Hilary, na kikundi chako chote.

Ibada ya kukuombea ni Jumapili hii. Siku zote za maisha yetu hatutakusahau.

Mama Clara ametuomba tuliandike na hili, maana kulitamka ameshindwa: "Mume wangu, sikujua. Ningejua, ningepanda jukwaani."