Konokono wa Chini ya Karakana

Jumatatu, 6 Machi

Wamefunga karakana ya mjomba. Kufuli kubwa, na karatasi ya bwana afya mlangoni. Nilipita upande wa pili wa barabara, kichwa chini kama mwizi. Lakini kosa langu nini? Konokono niliowaweka kwenye maji ya kijito, yaliyochotwa upande wa juu wa karakana — wazima, wanakula, wanataga. Wale wa maji ya chini yake walijikunyata ndani ya magamba, wakaacha kula, wakafa. Kipimo nacho kikasema shaba. Na anayefua masufuria ya shaba pale kijitoni ni mmoja tu, kaka yake mama. Niliandika ripoti ya maabara, basi.

Mama kanifunikia chakula mezani, kaenda kulala. Hata salamu hakuna.

Ijumaa, 10 Machi

Mjomba kaja! Nilitaka kutokea mlango wa nyuma, akanikuta jikoni. Nikajua leo ni leo. Wala. Aliuliza kama hao konokono huumia. Nikamwambia hatujui sawasawa, ila huonekana wakipanda kioo kuyakimbia maji. Kisha akasema afadhali aambiwe na mtoto wake kuliko watu baki.

Huyu ndiye aliyenisomesha. Nimejisikia vibaya — lakini vibaya vya mtu mwenye haki. Vinabebeka.

Jumanne, 14 Machi

Mungu wangu. Ndoo!

Mwenzangu wa kitengo cha samaki alikuja maabara kuulizia ndoo yake, ile anayokorogea dawa ya kuua vidudu vya samaki. Dawa yenyewe ni shaba tupu, akasema, nisije nikawaua konokono wangu. Akacheka. Na mimi nikacheka. Nikacheka!

Ndiyo niliyochotea maji ya chini ya karakana. Yangu ilikuwa imepasuka. Niliona ukoko wa kijani ukingoni, nikasuuza harakaharaka kwa kuwa dereva alikuwa anapiga honi.

Zimebaki chupa za akiba, nilizozijaza siku ileile kwa kuzizamisha kijitoni, bila ndoo. Nimezipima. Shaba yake ni ya kutafuta kwa tochi. Nimeweka konokono humo. Naomba wafe — ndivyo nilivyoomba, naandika nilivyoomba.

Jumatatu, 20 Machi

Wazima. Wote. Wanakwangua majani, na mayai wamebandika kwenye kioo.

Nilikwenda kwa mkuu wa maabara kumwambia. Kabla sijafungua mdomo akanipa mkono: wageni wanakuja kuisikia ripoti yangu, nivae vizuri. Akauliza nilikuwa na shida gani. Nikasema nimekuja kuazima stepla.

Stepla! Iko hapa mezani. Siitaki.

Jumamosi, 25 Machi

Naandika chooni, ukumbi wa mtaa.

Mkutano kauitisha mjomba mwenyewe. Sikujua. Mama kasema tu tuongozane, mjomba ana neno. Kavaa shati lililopigwa pasi, kasimama mbele ya watu wa chini ya kijito, kawaomba radhi. Kwamba aliwachafulia maji bila kujua. Kwamba karakana haifungui tena, hata akiruhusiwa. Mama mmoja alimpigia kelele: vipele vya mwanangu ni wewe! Mjomba akainamisha kichwa, akasema ndiyo, dada, ni mimi.

Si yeye!

Nilikuwa hatua chache kutoka pale. Kisha akaninyooshea mkono — mpwa wangu huyo, ndiye aliyegundua, msiponiamini mimi mwulizeni yeye. Wakanipigia makofi. Mama naye, kwa mara ya kwanza tangu karakana ifungwe, alinitazama usoni. Akatabasamu.

Nikasimama. Nikasema tumbo. Nikakimbia.

Bado wanaongea huko. Nasikia jina la mjomba, nasikia mtu akisema apelekwe mbele ya sheria.

Hatua koridoni. Anagonga, taratibu, kama anayeogopa kuniamsha. Ni mjomba. Ananiita mwanangu, anasema kaniletea maji, nifungue ninywe kidogo, watu wananisubiri.