Nilimfungia Mpangaji Wangu Kufuli kwa Nje

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, ila jina langu lihifadhi maana hapa Voi tunajuana. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina ploti ya nyumba za kupangisha, na kila mwaka ninapotakiwa kueleza ofisi ya kodi ni nyumba zipi zina watu, mimi hujaza kwamba zote ni tupu, ziko kwenye ukarabati, na miaka ikapita nikajiona mjanja. Juzi nikasikia maafisa wanapita mlango kwa mlango, nikachanganyikiwa, wapangaji wengine walikuwa kazini lakini Nabwile alikuwepo, mjane wa mfanyakazi wa reli, amekaa kwangu tangu watoto wake wakiwa wadogo na ndiye aliyenipikia uji nilipovunjika mguu, basi nikamwomba anyamaze kidogo tu, nikafunga mlango wake kufuli kwa nje. Afisa aliponiuliza nikajibu kwa sauti, "Hiyo haina mtu, ni mabati na misumari tu," na Nabwile yuko humo ndani anasikia kila neno, na alikuwa na kikohozi, mshauri, nilimsikia akikibana.

Walipoondoka nikafungua nikidhani tutacheka. Hakucheka. Akaniambia, "Mwalimu, si umesema hii nyumba haina mtu? Basi mwisho wa mwezi natoka, isionekane umedanganya." Tangu siku hiyo hatusemezani, kanisani anakaa mbali nami, na tukikutana bombani naangalia chini kama mtoto aliyeiba sukari. Sitaki aende. Je, nikimpunguzia kodi ya nyumba atanisamehe?

Mwenye Aibu, Voi

Mwalimu, pole. Lakini aibu hiyo usiifukuze haraka, umeipata kihalali. Umpunguzie kodi? Yaani umhonge mtu uliyemfungia kama mbuzi? Hebu lisikilize neno lenyewe, kodi. Nabwile anakulipa kodi kila mwezi, wewe kodi ya serikali unaikwepa, na siku ya kuulizwa, aliyelipa ndiye aliyefichwa. Hajakasirika kwa ajili ya serikali. Amekasirika kwa sababu alikuwepo, na wewe ukasema hayupo.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya kodi mwenyewe, kabla hawajarudi. Sema ulidanganya, sahihisha ya miaka yote, na ikiwa deni ni kubwa omba kulipa kidogo kidogo. Faini ikija ni yako, usije ukawapandishia wapangaji. Ukitoka huko ndipo ukambishie Nabwile hodi. Usiende na kuku wala pakiti ya sukari. Mwambie ulichofanya, bila "unajua ilikuwa hivi." Akiamua kuhama hata hivyo, mbebee godoro mpaka kwenye gari, ploti nzima ikikuona, na usimlilie ili akuonee huruma.

Akibaki, siku maafisa watakaporudi kuuliza kama nyumba ile ina mtu, safari hii wewe ndiye unyamaze. Mwache Nabwile afungue mlango, ajibu mwenyewe.