Mawese kwenye Bunduki ya Hewa

Kasongo, Jumanne, 9 Juni 1953

Octave, mtoto wa dada yangu,

Bulaimu amefika na barua yako. Amechoka kwa baiskeli lakini bado anatania: "Muzee, ile bunduki iko mudomo wazi kama mutu anangojea bugali!" Sikucheka. Bwana wako wa pamba, mwenye bunduki hiyo, anarudi Wamaza Jumamosi, na fimbo yake naijua.

Usiguse pa kufyatulia. Springi imejikaza ndani, na mtutu ukiwa umekunjwa hivyo utaruka na kukuvunja vidole. Mwenzako aushike kwa nguvu. Wewe tia petroli kidogo kwenye bawaba, ngoja nusu siku, kisha uuvute mtutu chini taratibu mpaka usikie mlio. Ndipo uurudishe.

Kilichoganda humo ni mawese. Mimi ndiye niliyekuandikia uyapake, kwa sababu mtu aliye mbali hupenda kuonekana bado anafaa nyumbani.

Ikikataa, sema mjomba ndiye aliyeiharibu. Serikali ilinikataza kukanyaga Kabambare, na Wamaza ni humo humo, lakini tangu Ijumaa nitakuwa mlangoni kwa bwana wako, nikimngoja. Fimbo iwe yangu.

Msalimie mama yako. Usimwambie nakuja.

Mjomba Théophile