Daktari Anauliza Kuku Wamepewa Nini

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, mtaa mzima wananiita Profesa wa Kuku, kifaranga wangu hafi ovyo, kwa sababu tangu anaingia bandani namtilia antibiotiki kwenye maji, awe mzima awe mgonjwa, na daktari wa mifugo alipokuja kunikataza nikamwambia, "Mwanangu, wewe umesoma, mimi nimefuga." Sasa mke wangu, ambaye ndiye anayechinja na kusafisha matumbo ya kuku, akashikwa na homa na kuhara, na mimi kwa mapenzi nikamkorogea dawa ileile kwenye chai, akanywa akacheka, akasema, "Mzee wangu, nikiota manyoya usinipeleke sokoni." Hakupona. Yuko wodini anachomwa sindano na homa haishuki, daktari anasema ni salmonela, kijidudu cha matumboni, na dawa hazikiui, anauliza kuku wanapewa nini na mgonjwa alikunywa nini nyumbani, mke wangu ananitazama, halafu anamjibu, "Maji tu na pumba, daktari." Ananisitiri. Nikisema, nitaitwa profesa wa nini tena? Nisiposema, usingizi hauji. Nifanyeje?

Shikamoo, Babu. Barua yako imeletwa kwa mkono asubuhi hii, nimeitanguliza, basi nisikilize. Mapenzi yako nimeyaona, hata ndani ya kikombe kile. Lakini umekosea, tena kwa ubishi. Vijidudu ulivyovinywesha dawa kila siku, dhaifu vilikufa, sugu vikabaki vikazaana, na bibi akavishika kwenye matumbo ya kuku. Sasa daktari anapapasa gizani na taa umeikalia wewe.

Chukua hilo kopo la dawa, mkabidhi daktari wa wodini, useme yote, hata ile ya chai. Atajua dawa ipi asipoteze muda nayo, na maabara imtafutie inayofaa. Kuku usiuze hata mmoja mpaka yule daktari wa mifugo uliyembishia aje awapime. Mpigie mwenyewe, umwombe radhi. Kuanzia leo, hakuna dawa bila yeye kuandika. Anayechinja anawe kwa sabuni, na viatu vya bandani visiingie jikoni.

Unaogopa jina? Watu watakutania, watachoka. Bibi anaungua na homa na bado anakulindia heshima. Mzigo huo si wake. Pita kwanza kitandani, mshike mkono, umwambie, "Mama, usinisitiri tena, nasema mwenyewe."

Zima redio, Babu. Nenda.