Nilipoukalia Mto wa Malkia

Al-Murabba, Riyadh
9 Machi 2014

Kaka yangu Julius,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Maureen na watoto, na zaidi ya wote mama. Magoti yake yanasemaje mvua zikianza? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini sauti bado ninayo, na leo utaisikia. Barua hii anaileta Damaris, msichana wa Vihiga anayefanya kazi ghorofa ya chini, ambaye anasafiri Alhamisi. Nimemwambia akupe mkononi na akae hapo mpaka uimalize.

Unajua mkataba wangu uliisha Novemba. Tangu hapo namwomba bosi wangu, ambaye hapa tunamwita baba, anirudishie pasipoti na atie sahihi ya mimi kutoka, maana bila sahihi ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, huondoki nchi hii. Nimemwomba nikipanga viatu vyake, nimemwomba nikiwa nimeshika sinia, na kila mara ananijibu bukra, yaani kesho. Hiyo kesho yake ina miezi minne sasa.

Sasa wacha nikupe habari za Wahispania, na usicheke. Madam Safa, mke wa baba, anafundisha historia chuo cha wasichana, na mwezi uliopita alikuwa akiandaa mchezo na wanafunzi wake kuhusu kasri la wafalme wa Hispania, miaka mia nne iliyopita. Bana, nyumba nzima ililala na kuamka Hispania! Tulienda soko la Batha kununua mahameli nyekundu, nikashona mito sita ya kukalia kwa mkono huku yeye akinisomesha. Alinieleza kwamba malkia alikula peke yake, na mabinti wa watu wakubwa walimpa kikombe wakiwa wamepiga magoti. Nikamwuliza kama magoti hayakuwauma. Akasema hao waliona fahari. Nikatunga uzi.

Lililonikaa kichwani ni lingine. Alisema mbele ya mfalme kila mwanamume alivua kofia, isipokuwa wakubwa wachache walioruhusiwa kubaki nayo kichwani. Na wake za hao wakubwa waliwekewa mto, wakaukalia mbele ya malkia. Siku ya mwanamke kupewa mto wake kasri lote lilikusanyika kutazama. Si dhahabu, si shamba, ni mto tu! Lakini akishaukalia, amehesabika.

Mazoezi yalifanyiwa sebuleni kwetu, na mwanafunzi mmoja hakuja. Hajja, mama mzazi wa baba, aliyetoka Jeddah kuja kuishi nasi, ndiye aliyefanywa malkia, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Madam akaniambia nivue aproni niwe mke wa mkubwa. Hajja akaniwekea mto kwa mkono wake mwenyewe, akaniamuru nikae, nikakaa. Julius, miaka miwili na zaidi nimekipiga deki chumba kile, nalijua zulia lake ua kwa ua. Lakini kukaa humo, mafi, hakuna, sijawahi hata siku moja. Wasichana wa chuo wakaniinamia. Kisha madam akapiga makofi, yalla, haya twende, nikarudi kwa sufuria zangu. Lakini makalio yangu yalikuwa yameshajua.

Jumatatu iliyopita baba akaniachia karatasi mezani jikoni, kalamu juu yake. Ni mkataba mpya, miaka miwili mingine. Ni kama ameacha orodha ya sokoni. Alasiri hiyo tulikuwa na mgeni, Bi Wahida, jirani aliyezaliwa Jeddah, ambaye wazazi wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na Kiswahili chake ungekisikia ungetaka azidi kusema. Nilipika kahawa, nikapanga tende, nikapeleka sebuleni. Kisha nikavua aproni, nikachukua mto mwekundu, nikauweka mbele ya Hajja, nikaukalia.

Madam alidhani naumwa. Kisha akaniamuru niinuke. Kisha akaniambia ataita polisi. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba nimekaa. Bi Wahida akaniuliza kwa Kiswahili nani kaniudhi, nikamweleza yote, naye akayageuza kuwa Kiarabu safi bila kupunguza chumvi.

Na hapo ndipo nilipowashika. Nimewahudumia wageni wao miaka yote hiyo, na macho ninayo. Aliyekaa sebuleni hapitwi na kahawa. Na mwenye ombi zito huipokea, akaiweka chini bila kuionja, na asiposikilizwa hainywi, na hiyo ni aibu ya nyumba. Nilimwona mama mmoja akiposa hivyo mpwa wa madam. Basi Hajja akalivuta birika la kahawa karibu yake. Akasema mto huo alinipa yeye, na hatasemwa mjini kwamba ananyang'anya alichotoa. Akamimina kikombe akanipa. Nikakipokea kwa mkono wa kulia, nikakiweka zuliani, nikasema kwanza sahihi ya mimi kutoka. Bi Wahida akaweka chake kando ya changu.

Baba akaitwa. Alisimama nje ya mlango kwa sababu ndani mlikuwa na mgeni mwanamke, akafoka kutoka huko huko. Akasema yeye hana kosa, halas, yamekwisha, watu wangu wenyewe walishakubali. Akampa madam simu aniletee nisome.

Niliisoma mara mbili, kaka. Namba ni yako. Kiingereza kile chenye makosa ni chako. Ulimwandikia Oktoba, kabla hata mkataba haujaisha, kwamba nitaongeza miaka miwili, kwamba sina haraka, kwamba wewe ndiwe msemaji wangu. Sasa ndipo nikaelewa kwa nini mama alilia kwenye simu siku ya Krismasi akiniuliza amenikosea nini hata sitaki kurudi. Nilidhani ni upweke tu. Kumbe ulimwambia ni mimi niliyependa kubaki! Aki Julius, ni kuta za nyumba yako, unazozipandisha kwa pesa ninazotuma, ndizo zilizokupa moyo wa kufanya hivyo?

Nililia mbele yao wote, na sioni haya kukuambia. Lakini sikuinuka. Nilimwomba Bi Wahida aseme kwamba aliyetia sahihi miaka miwili ni Metrine, na Metrine ndiye huyu aliyekaa hapa. Huyo Julius hajaosha choo hata kimoja Riyadh. Hajja akagonga fimbo sakafuni, akamwambia mwanawe kahawa inapoa nyumbani mwake. Baba akatia sahihi ya mimi kutoka akiwa ameegemeza karatasi ukutani, na pasipoti ikaletwa. Hajja akanimiminia kikombe kingine cha moto, nikakinywa chote.

Pasipoti naivaa ndani ya gauni, nimeifunga na leso. Ndege ni tarehe ishirini na saba. Madam hasemi nami, na mito ameifungia kabatini, lakini mimi nilishakaa.

Mkataba ule mpya nimeutumia kufungia sabuni za wifi, Damaris atampa. Mpe mama mkono kwa niaba yangu, kisha umsomee barua hii yote bila kuruka mstari, Damaris atasikiliza. Watoto waambie shangazi anakuja. Wewe bado ni kaka yangu na nitakusalimu kwa heshima. Ila nakumbuka vile viti vinne vya marehemu mzee wetu, ambavyo mnakalia wewe na wageni wako, sisi wanawake tukila jikoni kwenye vigoda. Nikifika sitapitia mlango wa jikoni. Niwekee kiti sebuleni, kando ya chako. Nikishakaa, ndipo utaanza kunieleza.

Ni mimi mdogo wako,
Metrine,
msemaji wa Metrine.