Kiwanja cha Mama Bukuru

Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Rombo? Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa jikoni, moto unawaka, na huyo ng'ombe wako mkorofi ameshashiba. Mimi mwili hauna neno, ile homa imeondoka. Kilichobaki ni moyo. Kwenye simu ya mdogo wangu Aloyce siwezi kusema haya naye amesimama pembeni anasikiliza, ndiyo maana namkabidhi karatasi hii jirani anayesafiri kuja Moshi. Mwombe shangazi akusomee, na asiruke mahali.

Lile duka la vifaa vya ujenzi lililonileta huku lilifungwa, hilo unalijua. Tangu hapo nimekuwa dalali wa viwanja na nyumba. Ukiiangalia kwa nje ni kazi ya mdomo na viatu tu, kumbe kila kitu nimejifunza kwa kuumia. Mteja wangu wa kwanza nilimpeleka Katonga kuona nyumba karibu na mwalo wa samaki, pale mitumbwi inaposhusha, nikamkutanisha na mwenye nyumba kabla hatujakubaliana lolote. Wakapeana namba za simu mbele ya macho yangu, wakamalizana wenyewe, mimi nikarudi mjini na harufu ya dagaa kwenye shati. Mwingine nilimwonyesha kiwanja kiangazi, kizuri, tambarare. Mvua ilipokuja kikawa bwawa, na hadi leo akiniona sokoni anavuka upande wa pili. Mambo hayo humkuta kila dalali mgeni, wenzangu walinicheka yakaisha. Hili la Kidahwe halichekeshi mtu.

Kidahwe ni kijiji kilichoko barabara ya kwenda Kasulu. Mwanamume mmoja wa huko, anaitwa Kiza, alinifuata nimtafutie mnunuzi wa kiwanja cha nyumbani kwao. Akasema baba yake alishafariki, na yeye ndiye mtoto wa mwisho. Basi mama, kusikia "mimi ndiye wa mwisho" nikatulia kama niko kwetu. Kwetu nani angeuliza zaidi? Wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba cha wazazi, migomba na nyumba yake, hata mimi wa katikati nilifunga begi langu nikilijua hilo. Sikukumbuka kwamba niko kwa Waha, si kwa Wachagga. Nilimuuliza mama yako yuko wapi, akajibu yuko shambani.

Na kweli alikuwa shambani. Msimu wa kulima watu wengi pale hufunga nyumba na kwenda kuishi kwenye mashamba ya mbali, kwenye vibanda vya nyasi, mpaka kazi iishe. Kiwanja kikiuzwa huku, majirani mnaopakana nao ndio huitwa waje wasimame mpakani na kushuhudia. Siku ile hakuwepo hata mmoja. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaona ni bahati, hakuna wa kutuchelewesha. Tukawaita vijana wa bodaboda pale barabarani wawe mashahidi, mnunuzi akalipa, nami nikapata changu.

Mama yake Kiza wanamwita Mama Bukuru. Alirudi na mzigo wa maharage kichwani, akakuta michikichi yake imekatwa, ile iliyokuwa ikimpa mawese, na matofali yamepangwa mpaka karibu na mlango wake. Nilipopata habari nilikwenda. Nilimkuta amekaa juu ya gogo la mchikichi. Nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia vizuri tu.

"Mwanangu, ni wewe uliyekuja kuuza hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Uliniuliza lini?"

Nikamwambia Kiza alisema yeye ndiye wa mwisho. Akanitazama kama nimesema kwa lugha asiyoijua.

"Wa mwisho ndiyo nini? Mimi sijafa."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuweka macho yangu.

Sasa shauri liko baraza la kata na mimi nimeitwa. Kiza alinijia juzi na yule mnunuzi. "Sema tu ulimsikia mama akikubali kwenye simu," akaniambia. "Neno moja, kaka, na kila mtu anakwenda zake." Nikisema hivyo, Mama Bukuru anatoka kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, na hana pengine pa kwenda. Nikisema kweli, mnunuzi ameapa hakuna atakayenipa tena hata chumba cha kutafutia mpangaji. Hapo hatishii bure, Kigoma ni ndogo na dalali anaishi kwa jina.

Sitakuficha, nilitamani kulisema hilo neno moja. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Lakini kila nikijaribu kulitamka peke yangu chumbani, namuona yule mama kwenye gogo lake, naliacha nusu. Nitasema kweli, mama. Si ushujaa, naogopa sana. Na baada ya siku hiyo sioni nitakula nini katika mji huu.

Nisalimie shangazi anayekusomea, na umwambie asilie. Kaka mkubwa na shemeji huko juu wasalimie, pamoja na watoto wao, na mwalimu wa dini jirani yetu umwambie aniombee.

Aloyce naye msalimie, halafu umuulize jambo moja. Muulize kwa upole, usimwamuru kama mama. Kihamba ni chake, sina neno na hilo. Je, nikirudi mikono mitupu, ataniruhusu nilale kile chumba cha kuwekea kahawa? Akikataa usigombane naye. Nijulishe tu kabla sijapanda basi.

Mwanao,
Wilbroad