Ufunguo wa Stoo

Shoga, nimetoka ofisi ya kazi sasa hivi, nacheka peke yangu barabarani kama chizi!

Bosi wa bekari kamwambia afisa, "Huyu dada simjui." Simjui! Miaka mitatu namkandia unga, ananilipa mkononi bila karatasi, leo hanijui!

Afisa akafunga faili. Nikajua mshahara wangu wa miezi minne ninaomdai umekwenda na maji.

Tunanyanyuka, bosi akanigeukia kwa ukali wake uleule: "Na ufunguo wa stoo umeuweka wapi? Tangu jana hatujatoa unga!"

Shoga, sikia! Afisa akakaa tena. "Endelea, mzee. Ufunguo anao nani?"

Kesho analipa yote. Na wewe uliyesema nitarudi nalia, ufunguo uko kwenye pochi yangu, hautoki mpaka nimalize kuhesabu.